Gari lako lina GPS usiyoijua? Namna ya kuitafuta, na la kufanya ukiipata

Haipiti wiki gereji bila simu kuita na sauti ya chinichini upande wa pili: "Samahani fundi, hivi ukitaka kujua kama gari limefungwa GPS unafanyaje?" Wengine hata hawapigi. Wanaleta gari kwa tatizo la taa, taa ikishawaka wanabaki wamesimama wanachezea funguo, ndipo swali linatoka. Nimelijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niandike, anayeuliza nimtumie.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Traka, yaani hicho kifaa cha GPS, nafunga na natoa, kwa hiyo maficho nitakayokutajia ni yale tunayotumia sisi wenyewe. Kabla hujashika bisibisi, naomba ulishike hili: kazi ya leo ni kutafuta, kung'oa kuna siku yake. Traka nyingi za kufungwa ukizikata umeme tu zinamtumia mwenyewe ujumbe, na ujumbe unamfikia wewe hujafunga hata boneti. Kama aliyeiweka ana nia mbaya, umemwambia kwamba umeshajua. Kama ana haki ya kuiweka, umejitafutia kesi.

Kwanza jiulize: ni kweli haitakiwi?

Gari la mkopo, soma mkataba. Benki, taasisi za mikopo na wale wanaokopesha kwa kushika kadi ya gari huwa wanafunga GPS, na kifungu chake kimo kwenye karatasi uliyosaini bila kusoma. Bajaji na bodaboda za mkataba ni hivyohivyo. Mpaka deni liishe, usiiguse. Gari la kazi ni la mwajiri, na gari la kukodi ni la mwenyewe. Una maswali, muulize yeye. Mabasi ya mikoani yana mfumo wa kufuatilia mwendo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na fundi anayejiheshimu hauchokonoi hata dereva akiahidi hela ya soda mara kumi.

Gari la nyumbani, uliza kwanza kwa upole. Kuna mzee mmoja alifunga traka kwenye gari la binti yake kwa kuogopa wizi, akasahau kumwambia. Binti alikaa wiki mbili halali.

Mwongozo huu ni wa waliobaki: gari ni lako, kadi ina jina lako, hudaiwi. Mara nyingi ni traka iliyoachwa na mwenye gari wa zamani, hasa magari yaliyonunuliwa mnadani baada ya mkopaji kushindwa kulipa. Mara nyingine ni mchumba wa zamani, mume, mke, ndugu mnayegombea mali, au mtu anayetaka kujua gari linalala wapi.

Na kama unamwogopa aliyeiweka, kama alishawahi kukupiga au kukutishia, usianze kupekua gari nyumbani. Liache kama lilivyo, ongea na mtu unayemwamini kwa simu isiyo yako, na uende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Utafutaji wenyewe ufanyike hukohuko, au kwa fundi ambaye safari ya kwenda kwake haimshtui mtu.

Unachohitaji

- Tochi ya kuvaa kichwani. Ya simu itakuchosha, utahitaji mikono yote miwili.
- Kioo kidogo chenye mpini.
- Glavu nyembamba, kwa ajili ya bati lenye ncha na kwa ajili ya alama za vidole.
- Bisibisi ya nyota na bapa, spana namba 10, na kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia plastiki za gari. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa kabisa.
- Jeki pamoja na stendi zake. Jeki peke yake haitoshi, narudia, haitoshi.
- Multimita. Kama hujawahi kuishika, hatua ya 8 mwachie fundi.
- Simu ya kupiga picha, karatasi na kalamu.
- Saa mbili au tatu zisizo na haraka, na mtu wa pili.

Usilioshe gari kabla. Watu wengi wanakuja na gari linang'aa kwa kuona aibu, kumbe vumbi ndilo shahidi. Chini ya gari la Dar kila kitu kina rangi moja ya udongo. Mahali palipopita mkono juzi panaonekana kama kidole kwenye kioo chenye vumbi.

Nadharia kidogo tu

Traka ya kawaida ina mahitaji matatu: kuona mbingu, ili isikie satelaiti; kupata mtandao wa simu, kwa laini iliyomo ndani; na umeme. Sehemu ya GPS inasikiliza tu, haitoi kitu. Kinachotoa habari nje ni laini. Mawimbi yanapita kwenye plastiki, kitambaa na kioo, lakini bati yanaligonga. Ndiyo maana hutaikuta ndani ya chuma kilichofunikwa pande zote. Utaikuta chini ya plastiki ya dashibodi, nyuma ya bampa, chini ya kitambaa cha siti.

Ziko za aina nne. Kuna ya kufungwa kwenye nyaya za gari, ambayo mara nyingi ina rilei, yaani swichi ya umeme ya kulizima gari kutoka mbali. Kuna ya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, ile mafundi tunaiita OBD. Kuna ya sumaku yenye betri yake, inayobandikwa nje. Na kuna vile vitufe vya Bluetooth kama AirTag, visivyo na laini wala GPS, vinavyoombea njia kwenye simu za watu wanaopita karibu.

Hatua kwa hatua

1. Anza na simu yako, si gari. Utashangaa mara ngapi kazi inaishia hapa. Fungua Google Maps, ubonyeze picha yako, uangalie sehemu ya kushiriki mahali ulipo: kuna jina la mtu pale? Fungua WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa, na kama kuna mahali unapomtumia mtu ulipo moja kwa moja. Angalia akaunti ya Google au ya Apple: nani mwingine ana nywila? Ile simu aliyokununulia na kukuwekea yeye mwenyewe, akaunti yake ni ya nani? Kama unapojulikana hata ukipanda daladala, gari halina kosa.

2. Tafuta vitufe vya Bluetooth. Nenda mahali peupe pasipo na watu, kwa maana kwenye maegesho ya soko simu yako itaona vifaa vya kila mtu. Tangu Mei 2024 Apple na Google wana utaratibu mmoja wa kumwonya mtu anayefuatwa na kitufe kisicho chake. Unafanya kazi kwenye iPhone zenye iOS 17.5 kwenda juu na Android 6 kwenda juu. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Usalama na dharura, utakuta sehemu ya vifuatiliaji visivyojulikana. Bonyeza kutafuta na usubiri sekunde chache. Washa Bluetooth na uruhusu mahali, bila hivyo hutaona kitu.

Kikionekana, bonyeza kipige sauti. Kisipolia usiseme hakipo, kuna watu wanaving'oa spika. Pekua kwa mikono: ndani ya makava ya siti, kwenye kifuniko cha pa kuegemeza kichwa, kiti cha mtoto, mfuko wa spana, nyuma ya kibao cha namba, shimo la tairi la akiba. AirTag ni duara la upana wa milimita 32 hivi, kubwa kidogo kuliko sarafu ya mia mbili, inaingia hata kwenye mshono.

3. Chungulia chini ya usukani. Pale juu ya magoti ya dereva kuna soketi pana yenye matundu 16. Kama kuna kitu kimechomekwa na si wewe uliyekichomeka, umeshakipata. Fuata pia waya: wengine wanaweka waya wa kugawa soketi mbili, soketi inabaki wazi kana kwamba haina kitu, na kifaa kinalala ndani zaidi.

4. Zunguka nje, kwa mkono kuliko kwa macho. Traka ya sumaku ni kama kipande cha sabuni, nyeusi, mara nyingi imezungushiwa tepu. Sumaku inashika chuma tu, kwa hiyo kwenye bampa la plastiki haiwezi kukaa, lakini kwenye chuma kilicho nyuma ya bampa inakaa vizuri sana. Pitisha mkono juu ya matairi yote manne, ndani ya kingo. Pitisha nyuma ya bampa la mbele na la nyuma, kwenye ndoano ya kuvutia, kwenye tairi la akiba kama gari lako linalining'iniza chini.

5. Ingia chini. Gari liwe juu ya sakafu ngumu, handibreki imevutwa, matairi yamewekewa mawe, stendi ziko mahali pake. Angalia mihimili miwili mirefu ya chesisi, juu ya tenki la mafuta kwa kutumia kioo, na kila penye udongo uliofutika. Pembeni ya ekzosi huna haja ya kupoteza muda, joto lingeua betri.

6. Dashibodi. Hapa ndipo pa kukaa. Traka nyingi nilizotoa zilikuwa ndani ya mita moja kutoka kwenye funguo, kwa sababu moja tu: fundi aliyefunga alitaka kumaliza haraka, na umeme wote anaouhitaji uko hapo. Fungua plastiki ya chini ya usukani, toa kisanduku cha mbele ya abiria, ulale chali juu ya zulia la dereva na miguu nje, uangalie juu.

Unatafuta ugeni. Nyaya za kiwandani zimefungwa kwa tepu ya kitambaa au ndani ya bomba lenye mikunjo, na zinapita kwenye vibanio vyake. Waya wa mgeni unakatiza njia. Una tepu ya umeme ya dukani, ile inayong'aa na kutoa gundi kwa joto, na maungio yake yamesokotwa kwa vidole. Kwenye traka nyingi za bei ya chini utakuta nyaya nne zikitoka pamoja: nyekundu ya umeme, nyeusi ya hasi, ya rangi ya chungwa inayosoma swichi ya gari, na ya njano inayokwenda kwenye rilei. Ukiuona mkono huo wa nyaya nne, ufuate taratibu kwa tochi mpaka uishie kwenye kisanduku. Rudia usiku gari likiwa gizani: traka zina vitaa vidogo vyekundu, vya bluu au vya kijani vinavyopepesa, na si kila fundi anakumbuka kuvifunika.

Hapa nikutoe hofu mbili na kukutia hofu mbili.

Za kukutoa: magari yetu mengi yametoka Japani, na yanakuja na vitu vyake. Kile kisanduku chenye tundu la kadi, kinachosema Kijapani kwa sauti ya dada mpole kila ukiwasha gari, ni cha kulipia barabara za huko, kinaitwa ETC. Hakimfuatilii mtu Mbezi. Mama mmoja aliniletea Noah yake akitetemeka, ameshakifunga kile kisanduku kwa kitambaa cha kichwani kisisikie maneno. Na kile kidude cheusi bapa juu ya dashibodi, chini ya kioo, mara nyingi ni antena ya ramani ya redio ya kiwandani. Fuata waya wake. Ukiishia nyuma ya redio, achana nao.

Za kukutia: waya au plagi yoyote ya njano yenye ganda la njano ni ya mifuko ya hewa. Usiichomoe, usiipime, usiibane, hata kama unadhani ni ile njano ya traka. Traka ina uzi mmoja mwembamba wa njano. Mifuko ya hewa ina plagi nzima. Na kama gari ni la haibridi, lile la mafuta na umeme, kebo nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Ule wa traka ni mwembamba kama kamba ya kiatu.

7. Siti, nguzo na buti. Inua zulia chini ya siti za mbele. Papasa kitambaa cha paa kwenye kingo. Nyuma, fungua vile vijidirisha vya kubadilishia taa, toa ubao wa buti na tairi la akiba, angalia chini ya rafu ya kioo cha nyuma. Mafundi wavivu wanaishia kwenye dashibodi; waliolipwa vizuri wanakuja huku, wanachukua umeme kwenye taa ya buti.

8. Pima umeme unaoibwa. Hatua hii inafaa pia kama betri yako inalala bila sababu. Zima kila kitu, toa funguo, fungua boneti na mlango wa dereva, halafu sukuma kufuli la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Weka multimita kwenye ampea 10. Bana waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye kichwa cha kebo ya hasi, *kisha* ndipo uinue kichwa hicho taratibu kutoka kwenye nguzo. Ukifanya hivyo umeme haukatiki hata sekunde, na traka haipigi kelele. Ukikosea ukatangulia kuinua, ujumbe umeshakwenda.

Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Gari lisilo na tatizo husoma chini ya miliampea 50 hivi. Ikikaa juu ya hapo, kuna kinachoiba umeme. Kuchomoa fyuzi moja moja ili uone ipi inaishusha, kuache mpaka siku ya kung'oa, maana ukiichomoa ya traka ujumbe unakwenda. Namba ikiruka kila baada ya dakika kadhaa na kushuka tena, kuna kitu kinaamka na kutuma. Usiwashe gari mita ikiwa imebanwa. Nimeua fyuzi za mita tatu kwa kusahau. Na usidanganyike na namba ndogo: traka ikilala inakula kidogo sana, na yenye betri yake haitaonekana hapa kabisa.

9. Sikiliza kwa redio ndogo. Unaikumbuka ile *titi-titi-titi* spika zilikuwa zikitoa kabla simu haijaita? Traka zinazotumia mtandao wa 2G zinatoa hiyohiyo. Simu zote ziwekwe hali ya ndege, endesha kidogo ili traka iamke, kisha pitisha redio ya mkulima kwenye AM, katikati ya stesheni, karibu na dashibodi, siti na buti. Ukisikia, rudia palepale mara tatu. Vile vifaa vya kugundua mawimbi vinavyouzwa mtandaoni vinafanya kazi kwa namna hiyohiyo, na vinapiga kelele hata kwa ruta ya jirani. Siwazuii kununua. Ila gari likiwa limesimama traka inalala, na kifaa chako cha bei kitakaa kimya juu yake.

Ukiipata

Mikono mbali. Piga picha ikiwa palepale ilipo, ya mbali inayoonyesha gari na ya karibu inayosomeka. Kama kibandiko kinaonekana, andika IMEI, namba yenye tarakimu 15. Kwa AirTag, gusisha upande mweupe nyuma ya simu yenye NFC: ukurasa utafunguka na namba yake, na kwa kawaida tarakimu nne za mwisho za simu ya aliyeisajili. Tarakimu nne zinatosha kwa mtu ambaye namba yake unaijua kwa kichwa.

Kisha endesha gari, likiwa na kifaa chake, hadi kituo cha polisi, ueleze na uchukue RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Faida ya kutokigusa ni laini iliyomo ndani. Hapa Tanzania laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole; wewe ukienda duka la mtandao hawatakuambia ni ya nani, lakini polisi wana njia ya kuuliza. Ukiitoa laini ukaitupa chooni kwa hasira, umetupa jina. Malalamiko yanaweza pia kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Kwa walioko Kenya, sheria ni ya mwaka 2019 na mlango ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kama ni masalia ya mwenye gari wa zamani na huna ugomvi na mtu, mpigie aliyekuuzia. Mara nyingi anacheka, anasema alishasahau, na anaifuta kwenye simu yake. Itoe hata hivyo.

Kuitoa ile ya kufungwa

Fundi wako wa siku zote anaweza kuwa ndiye aliyeifunga. Nasema hivyo bila kumtukana mtu. Tunalipwa kufunga, hatuulizi sana. Mpelekee mwingine, na umpe huu mpangilio.

1. Tafuta rilei kabla ya kukata chochote. Ni kidude cheusi cha mraba, kimefichwa mbali kidogo na traka, kwenye waya wa pampu ya mafuta au wa swichi.
2. Toa kichwa cha hasi cha betri, subiri sekunde 90 kwa uchache kabla ya kuingiza mikono karibu na usukani.
3. Kwenye rilei, soma namba za miguu. Nyaya mbili nene za gari ziko kwenye 30 na 87a. Hizo zilikuwa waya mmoja kabla hazijakatwa. Zichomoe, uziunganishe tena zenyewe kwa zenyewe, kwa kuchomelea risasi, na uzivike ganda.
4. Nyaya nyembamba za 85 na 86 ni za traka. Ziondoe.
5. Sasa fuata nyekundu, nyeusi na ya chungwa mpaka zilipoungwa. Toa kila ungio na ufunge jeraha la waya kwa tepu nzuri.
6. Rudisha betri, washa, zima, washa tena. Endesha mtaani kabla ya kwenda barabara kuu.

Hatua ya 3 naisisitiza kwa sababu niliwahi kuiruka. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilichomoa rilei nikaiweka mfukoni, nikamwambia mteja kazi imekwisha, hela nikapokea. Gari halikuwaka. Starta inazunguka, mafuta hayaji. Nilikaa chini ya ile IST kutoka saa tisa mpaka taa za barabarani zikawaka, mteja amekaa juu ya ndoo ananiangalia bila kusema neno.

Kifaa kilichotoka kina betri yake ndani, kitaendelea kutuma kwa saa kadhaa. Kama hutaki kitume kutoka kwako, usilale nacho. Kizungushie karatasi ya fedha ya jikoni tabaka nyingi, ukiweke kwenye bahasha pamoja na laini yake, ukipeleke kituoni. AirTag inazimika ukigandamiza kifuniko cha fedha na kukizungusha kinyume cha saa, kisha kutoa betri.

Mambo yakigoma

*Gari haliwaki baada ya kutoa.* Rudi kwenye 30 na 87a. Zimeshikana? Kuna magari yanafungwa rilei mbili, ya mafuta na ya starta. Ukiwasha na starta haizungushi kabisa, tafuta ya pili.

*Taa ya mifuko ya hewa imewaka.* Kuna plagi ya njano imeguswa, au swichi iliwashwa plagi ikiwa nje. Usiendelee kubahatisha, peleka kwa mwenye kompyuta ya kusomea.

*Redio inadai namba ya siri.* Ni kwa sababu betri ilitolewa. Angalia kitabu cha gari, au kibandiko ndani ya kisanduku cha mbele.

*Simu inaonya kuna kitufe, lakini sikioni.* Toa kila kitu kwenye gari, weka mikoba ya watu mbali, tafuta tena. Kikiendelea kuonekana kiko kwenye gari, fungua makava ya siti na taa za nyuma. Kikipotea, kilikuwa kwenye mkoba.

*Nimepekua kote, hakuna kitu, na bado anajua nilipo.* Rudia hatua ya 1 kwa makini zaidi. Kisha fikiria watu: mlinzi wa getini ni GPS isiyohitaji laini, na kijiwe cha boda mbele ya kazini kwako kinajua ratiba yako kuliko wewe. Jaribu hivi: mwambie mtu mmoja tu kwamba unakwenda Bagamoyo, gari uliache nyumbani, uone nani anakuuliza habari za Bagamoyo.

*Nilitoa moja, nina wasiwasi wa pili.* Una haki ya kuwa nao. Anayelipia vizuri anafunga mbili, ya kwanza ionekane. Tengeneza picha za chini ya dashibodi, buti na chesisi siku ile gari limeshatolewa traka, uzihifadhi. Baada ya wiki, na tena kila gari likilala gereji au kwa mtu, piga picha zilezile na uzilinganishe.